Damu Moja, Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni 2024
Asali haijafunguliwa! Kina Lerionka, mchumba wangu, waliipeleka kwa baba mkubwa Meitamei kuniposa, na wazee wasipoionja hakuna mazungumzo. Baba mkubwa anasema ukoo wetu na wao ni damu moja. Hatuoani. Nikauliza nani kasema. Akafungua kijitabu cha jubilei ya usharika, ukurasa wa kumi na mbili: "Inafahamika wazi kuwa koo hizi mbili ni damu moja." Inafahamika na nani? Mbona mimi sijawahi kusikia! Wazee watakaa Jumamosi ya wiki ijayo kuamua kama asali irudishwe. Nimelia. Halafu udadisi ukanishika.

Jumatano, 5 Juni
Baridi. Steshenari hapa Themi nachapa kazi za watu kutwa, najua mambo yao — huyu kanakili kwa yule, yule naye kanakili. Ukurasa ule niliupiga picha; nikatazama chini yake. Maandishi madogo: tasnifu ya Dkt. Frederick fulani. Rafiki yangu Jackline yuko maktaba ya chuo, nimemwomba aitafute. Kanicheka, eti nachumbiwa kwa utafiti.

Jumamosi, 8 Juni
Jackline katuma picha. Tasnifu inasema: "Huenda koo hizi zina asili moja." Huenda! Kijitabu kimeimeza "huenda" yote na kuweka "wazi". Na daktari aliipata wapi? Kwa mzee mmoja aliyemhoji. Majina ya waliohojiwa yameorodheshwa nyuma. Meitamei. Baba mkubwa wangu mwenyewe!! Nimecheka mpaka bosi, Najim, akauliza kama niko sawa.

Jumapili, 9 Juni
Nilipitia kwa baba mkubwa baada ya ibada. Shikamoo, chai, habari za ng'ombe. Nikampa simu aone. Kavaa miwani — kafurahi! Kamwita mama mkubwa aje aone jina lake. Kumbe anamkumbuka yule kijana wa tasnifu na kirekodi chake cha sauti. Anasema alimjibu labda, maana alisikia watu wakisema mnadani.

— Kwa hiyo hujui, baba mkubwa.
— Wakati ule sikujua. Sasa daktari kaandika, kanisa limeandika. Mimi nani nibishe?
— Lakini aliyesema ni wewe!
— Lisemwalo lipo, mwanangu.

Akanifungashia maparachichi. Nilishindwa kumkasirikia pale pale. Hasira zilinipanda njiani, karibu na Moshono.

Alhamisi, 13 Juni
Siamini. Mama Nice, katibu wa usharika, kaleta kijitabu kile kile. Toleo la pili! Nichape upya, nisahihishe makosa madogo madogo tu. Wazee wanataka nakala mpya Jumamosi, watakaa nazo.

Nimefika ukurasa wa kumi na mbili. Nimefuta "wazi". Nimeandika "huenda". Imekaa kinyonge, na wazee hawafungui asali kwa "huenda". Nikajaribu: "Inafahamika wazi kuwa koo hizi mbili ni tofauti kabisa." Jamani! Inasikika kweli tupu. Hakuna atakayeuliza. Baba mkubwa ndiye wa kwanza atakayesema, si mnaona, imeandikwa. Na baadaye atakuja mwanafunzi atainukuu, nami nitamtilia jalada tasnifu yake hapa hapa.

Ila kama kweli ni damu moja? Sijui. Baba mkubwa hajui. Daktari hakujua. Hilo ndilo linaloniogopesha, maana watoto watakuwa wangu, si wa daktari. Nimempigia Lerionka. Anasema chapa tu, mke wangu, Mungu anajua. Kaniita mke wangu! Ndiyo mara ya kwanza.

Najim kashawasha mashine, karatasi zimepangwa. Ile ya zamani nimeirudisha; sentensi zote tatu ziko kwenye skrini, moja chini ya nyingine. Mama Nice huyo mlangoni, anakung'uta mwavuli. Anauliza kama tayari.

Nimemwambia bado sentensi moja.