Pilipili Isiyowasha ya Babu

Niboye, Kicukiro,
Kigali.
15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Febronia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Arusha, na kwamba kile kikohozi cha wakati wa Pasaka kimekwisha. Sisi hatujambo. Mvua zimekatika, vumbi limeanza, na mitihani inakaribia.

Babu hajambo kiasi. Tangu daktari alipomkataza pilipili kwa sababu ya vidonda vya tumbo, amekonda. Unakumbuka kichupa chake cha pilipili ya mafuta, alichotembea nacho kwenye mfuko wa shati hata kanisani? Alimpa jirani yetu, Mama Mahoro. Sasa akila vijiko vichache anasukuma sahani na kusema ameshiba, nasi tunajua hajashiba.

Ndiyo maana mbegu zako za halapenyo, ile pilipili nene isiyowasha, nilizisia siku ileile zilipofika. Miche ilipokomaa niliihamishia kwenye bustani ya jikoni, kando ya mchicha. Kila nilipoimwagilia nilijiuliza: pilipili inajuaje kuwasha? Na hii imesahauje? Mwalimu wetu wa biolojia, Bwana Gasana, alisema ukali hukaa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Nilipasua tunda la kwanza, nikalamba utando huo nikiwa na kikombe cha maziwa mkononi. Maziwa sikuyahitaji.

Mama alimwuliza daktari, naye akasema Babu aanze na kidogo. Basi Mama alipika maharage, akaiweka pilipili nzima juu yake pamoja na kikonyo, kama tunavyofanya siku zote ili isipasuke, kisha akaitoa kabla ya kupakua. Babu alionja, akaonja tena.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii pilipili yako imepita kusalimia tu."

Baba alicheka. Mimi nilikwenda kuosha vyombo nikiwa mnyonge. Ile pilipili ilikuwa bado kwenye kisosi. Nikaikata, na harufu ikanijia, harufu ya pilipili kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba tuliiogopa bure. Tunaiweka nzima kwa kuhofia ukali, na hii haina ukali wa kuhofia.

Kesho yake nilizikatakata nyingine, nikazikaanga na vitunguu, ndipo nikatia maharage. Babu alimaliza sahani yake. Kisha akauliza, "Mama Careen, chunguni kumebaki kitu?"

Sasa nina swali, Shangazi. Mama Mahoro amepanda pilipili kali upande wa pili wa ua, na nyuki wanapita kote. Bwana Gasana anasema matunda yangu hayatabadilika, lakini mbegu zake huenda zikazaa kali. Nimefunika mche mmoja kwa kipande cha chandarua cha zamani. Je, inatosha? Na kwa kuwa nyuki hawaingii humo, nikiyatikisa maua kwa kidole, yatashika matunda? Sitaki Babu akose mwakani.

Baba, Mama na mdogo wangu Gerald wanakusalimu. Nisalimie Mjomba Njoroge na Dada Flaviana. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Babu nilipomwuliza kama ana salamu, alisema nikueleze nilichokiona. Asubuhi hii ametoka kwenda misa huku mfuko wa shati umetuna. Amechuma halapenyo mbili, akaziweka pale kilipokuwa kichupa.

Mwanao akupendaye,
Careen