Tangi Lisiloingia Sandukuni

Jumamosi, 4 Machi

Leo tunatimiza miaka thelathini na mmoja tangu tuvuke mpaka. Wengine wangefanya karamu. Mimi nimeanza kujenga tangi la samaki. Daktari alisema nitafute kitu cha kutazama badala ya taarifa ya habari.

Mwenzangu wa ndoa aliuliza litaingia sanduku gani. Swali la haki. Nyumba hii haina kitu kisichokunjika: viti vya kukunja, meza ya kukunja, hata kitanda kina bawaba. Tulikubaliana mwaka ule wa kwanza — tusinunue kizito, tunarudi karibuni. Nimefundisha lugha maisha yangu yote. Sijaona neno refu kuliko hilo “karibuni”.

Jumatatu, 6 Machi

Fundi wa vioo amenikatia vipande vitano, kingo zimesuguliwa vizuri. Akauliza, mzee, la nini? La samaki. Akasema alidhani jeneza la mfalme. Nikacheka. Njiani sikucheka.

Nimeunganisha kwa silikoni pale pale sebuleni, nikilainisha kwa kidole chenye sabuni. Imefika mpaka kwenye ndevu. Nyumba nzima inanuka siki. Mwenzangu amefungua madirisha bila neno — na kwake kunyamaza ni hotuba.

Jioni mdogo wangu akapiga simu kutoka nyumbani. Nchi imetulia. Nyumba ya baba imeezekwa upya, chumba changu kimepakwa rangi. Naja lini? Nikamwambia silikoni bado haijakauka.

Akauliza:

“Kaka, silikoni ndiye nani?”

Ijumaa, 10 Machi

Meza ya kubebea tangi imesimama! Miguu minne, fremu juu, fremu chini, yote kwa bolti ili ifunguke siku ya safari. Nimeikalia kuijaribu. Imeyumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Na lita mia mbili za maji ni kilo mia mbili, bila kokoto.

Mwenzangu alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

“Baba, hii ni meza au hema?”

Anayajua mahema. Tulilala ndani ya moja miaka miwili.

Akasema kitu cha kubeba maji hakifungwi kwa nia ya kufunguliwa. Nitie gundi, nipigilie na mbao za mshazari. Nikasema nikitia gundi haitapita mlangoni. Akasema, ndiyo. Akaenda kuosha kikombe. Kilikuwa safi.

Jumapili, 12 Machi

Mbao za mshazari hazikutosha, na duka limefungwa. Nikafurahi — kazi imeahirishwa, na si kwa kosa langu.

Basi nikasikia kitu kikiburutwa. Lile sanduku la mbao! Nililitengeneza mwenyewe mwaka ule wa kwanza, la kupakia vitu vya kurudi navyo. Mwenzangu akalipindua, magazeti ya zamani yakamwagika.

“Mbao ngumu hizi. Kata.”

“Na vitu tutapakia wapi?”

“Vitu gani?”

Nikamuuliza kama yeye anataka kurudi. Akafikiri kidogo. Akasema nimechelewa sana kuuliza, jibu lenyewe ameshalisahau. Halafu akanishikia ubao.

Nimekata. Ubao mmoja bado una jina la mji wetu, kwa rangi nyeupe, mwandiko wangu wa ujanani wenye mikia mirefu. Nilitaka kuugeuzia ukutani. Akanizuia: uache hivyo hivyo, samaki hawajui kusoma.

Gundi imeshika.

Jumatano, 15 Machi

Nimeweka pima maji juu ya meza. Meza imenyooka, sakafu ndiyo imepinda. Miaka yote hii tumeishi kwenye mteremko bila kujua! Nimetia kabari chini ya miguu miwili. Tumejaza kwa ndoo, mimi na mwenzangu, zamu kwa zamu kama waliounguliwa na nyumba. Halivuji. Nimepitisha karatasi kavu kwenye kila kona, imetoka kavu.

Mdogo wangu amepiga tena. Basi la wanaorudi linaondoka mwisho wa mwezi na ameshatuandikisha. Nikamweleza habari ya gundi. Akakasirika kwelikweli. Mkataa kwao ni mtumwa, akasema. Nikamjibu kuwa mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi ndiyo kwanza nimepewa msumeno. Hakucheka. Zamani angecheka. Ana haki: chumba kile amekipaka rangi kwa mkono wake, na mgongo wake najua ulivyo.

Anataka jibu Jumamosi. Ndiyo au hapana, amesema, na nisimletee habari za samaki.

Jumamosi, 18 Machi

Samaki sita wameingia. Wadogo, wekundu. Kwanza walijificha wote kona moja, nyuma ya jiwe, wakitazama upande walikotoka. Baada ya chakula wakaanza kuzunguka. Mmoja ameshajifanya mwenye nyumba, anawafukuza wenzake!

Mwenzangu alitoka asubuhi, akarudi na mchukuzi na viti viwili. Vya mbao nzito. Havikunjiki — nimejaribu. Ameviweka mbele ya tangi, kimoja kando ya kingine. Yuko kwenye chake sasa. Changu kitupu.

Simu inalia. Ni mdogo wangu. Mwenzangu hajageuka, anahesabu samaki kwa sauti, amefika wanne, anaanza upya.

Ngoja niikalie kwanza ile nafasi yangu, ndipo nipokee.

Sitarudi.