Usimjibu Mkunga "Sijambo"

Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
Jumapili, 12 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Muzna,

Assalaam alaykum. Naomba maneno haya yakukute u hai na fahamu zako timamu. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu unaninung'unikia kama mkwe. Na wewe u hali gani? Safari hii usinijibu kama ulivyozoea.

Simu yako tangu juzi inaita tu. Kila nikimpigia mumeo, Suhail, ananiambia umelala. Nilipomwambia akupeleke hospitali akasema nisikutie hofu. Mimi hofu ninayo tayari.

Picha uliyoleta Ijumaa nimeitazama sana. Uso umejaa, vidole vimevimba mpaka pete umeivua. Wenzangu wakacheka, wakasema Uingereza imekukubali. Mimi sikucheka.

Suhail anasema mkunga alipiga simu kukuuliza hali, yeye akikutafsiria, nawe ukajibu kama tulivyokulea: "Sijambo, alhamdulillah." Kichwa kinachokupasua na vimulimuli unavyoviona ukamwachia yeye akaviseme, naye akaona haya kumweleza mgeni maungo ya mkewe. Mkunga akaridhika. Mwanangu, huko anayekuuliza hali hakusalimii, anakupima, na neno lako ndilo kipimo.

Uliambiwa mama yako alikufa kwa homa. Haikuwa homa. Alikuwa na mimba ya miezi saba kama wewe, amevimba hivyo hivyo. Majirani walikuja kumjulia hali, akawaambia, "Sijambo, kichwa tu hiki." Magharibi kifafa cha mimba kikamkamata, na hakuamka. Dada yangu yule, bado namlilia.

Kwa hiyo ukifika hospitali anza na maumivu, salamu baadaye. Sema kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, mwili umevimba. Dai mkalimani mwanamke, ni haki yako na hulipi kitu. Suhail akae nje. Mficha uchi hazai.

Mjomba wako Hamoud anakusalimu, na bibi yako Mwanakheri wa Jambiani hajainuka kwenye msala tangu asubuhi, anakuombea dua. Mwenyezi Mungu akuvushe, wewe na kilichomo tumboni.

Barua hii anakuletea Arwa, binti wa jirani yetu Bi Faiza, anayerudi chuoni huko. Nimemwagiza asikae, asinywe hata chai, teksi imngoje mlangoni, na barua akupe mkiwa njiani kwenda hospitali. Kama unaisoma ukiwa kitandani, iache hapo hapo. Inuka, Muzna.

Mama yako mdogo akupendaye,
Rahila