Pete Mbili Kwenye Jiwe la Lowell

KITUO CHA POLISI HOLLINS FORK, KENTUCKY
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kushambulia na kuumiza mwili, karakana ya mawe ya makaburi ya Stamper
Jina la shahidi: Orpha Sizemore
Umri: Miaka 83
Kazi: Mkulima. (Nilikuwa nimeandika "hana kazi". Shahidi amesema viazi havijipandi vyenyewe.)
Makazi: Nyumba ya mwisho, bonde la Tansy
Elimu: Hakusoma
Tarehe na saa: Ijumaa, 24 Mei 2019, saa nane mchana
Anayeandika: Askari Delmar Napier

Kabla ya yote, Delmar, andika kwamba hujakanyaga kwangu tangu mavuno ya mahindi ya mwaka jana. Unapita darajani na gari la serikali, unapiga honi, unaenda zako. Honi hainywi kahawa. Mimi ndiye niliyekusugua kifua kwa mafuta ya kafuri mama yako akiwa zamu ya usiku, na leo nakuona kwa sababu umemfungia mtu wangu. Umesema niseme polepole ili uandike kila neno. Haya, na hayo ni maneno, yaandike.

Lowell alikuwa mjukuu wangu. Mama yake alikuwa binti yangu Retha, alikufa zamani, nikamlea mimi. Mnamo tarehe 9 Februari mwaka huu lori lake la makaa ya mawe lilipinduka kwenye mteremko, na alikuwa ameshakufa walipomtoa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Corbin Fugate, uliyemweka mahabusu huko nyuma, ni mume wake. Walioana Novemba 2015 kwenye ofisi ya wilaya nami nilikuwepo, nimevaa viatu vinavyobana. Tangu msiba Corbin anakaa kwangu. Anachanja kuni, anakula kidogo, hasemi sana. Mimi pia sisemi sana. Tunakaa jikoni kama watu wawili wanaosubiri basi.

Jumapili hii ni siku ya kupamba makaburi. Wewe unajua, lakini hakimu anaweza kuwa mtu wa kuja, kwa hiyo andika: kila familia hupanda mlimani kwa watu wake, inafyeka nyasi, inaweka maua, inatandika chakula palepale na kula nao. Kaburi la Lowell halijawa na jiwe. Corbin alimwagiza Verlon Stamper jiwe mwezi Machi, jiwe la watu wawili kama wanavyowekewa wenye ndoa: jina huku, jina kule, na katikati pete mbili zilizoshikana na tarehe ya ndoa. Hivyo ndivyo yalivyo mawe yote ya wenye ndoa pale mlimani, hata ya wale waliorushiana sufuria maisha yao yote.

Verlon alisema majina atachonga, na kuhusu pete ataomba kwanza. Nilidhani anataka kuniomba mimi. Kumbe alimaanisha Mungu.

Leo asubuhi, saa tatu na nusu hivi, mimi na Corbin tulifika karakanani kulitazama jiwe kabla halijapakiwa. Verlon alikuwa peke yake. Jiwe lilikuwa juu ya meza ya mbao, jeusi, limeng'arishwa. Mpira wa hewa, ule wa kupulizia mchanga unaochonga jiwe, ulikuwa umelala sakafuni tangu kwenye mashine mpaka mlangoni.

Verlon akavua kofia. Akasema, "Karibu, Dada Orpha. Umekonda."

Nikamwambia, "Na wewe umenenepa. Tuonyeshe jiwe."

Nikalitazama. Delmar, mimi sijui kusoma, hilo si siri. Majina kwangu ni mikwaruzo ya kuku. Pete ndicho kitu pekee kwenye jiwe ninachokisoma. Nikipanda mlimani naona pete, najua hawa walilala kitanda kimoja. Kuna jiwe la wale ndugu wawili waliofukiwa mgodini, lina taa ya mgodini katikati, najua hao ni kaka na kaka. Leo nikatazama katikati ya jiwe la Lowell na palikuwa patupu kama sahani iliyolambwa. Nikauliza, "Verlon, hawa ni nani?"

Akasema, "Ni Lowell na Corbin, dada. Nimeandika vizuri kabisa."

"Mimi siwaoni. Naona watu wawili waliokutana njiani."

Corbin akasema, taratibu, "Tulikubaliana pete, Verlon."

Verlon akasema, "Nilisema nitaomba. Nimeomba. Majina nimechonga, na sijamchongea mtu yeyote kwa uangalifu kama huo. Pete siwezi. Pete nikiziweka pale ni mimi ninayesema hii ni ndoa mbele za Mungu. Siamini hivyo. Mkono ni huu, na mkono huu nitaulizwa."

Corbin akasema mji huu una sheria. Alisema baraza la mji lilipitisha kwamba mwenye biashara asimnyime shoga kile anachowapa watu wengine, na kwamba Verlon mwenyewe anajua, kwa sababu alikuwepo ukumbini siku ile akapinga.

Verlon akasema, "Nilikuwepo. Sheria ni ya mji, Corbin. Roho ni yangu. Nipeleke kwa meya, sitakuchukia. Lowell nilibeba jeneza lake, au umesahau?"

"Sijasahau. Ulibeba upande wangu. Ulishika mbele yangu."

Nami nikasema, andika na haya, nikasema, "Verlon, mimi ni muumini tangu kabla hujaota meno. Sikuambii uamini nini. Lakini umefungua mlango, umeweka kibao, na kila mwenye ndoa anayeingia unamchongea pete. Ulimchongea Hobart Gayheart na mke wa tatu. Huyo hukumwombea?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Yule ni mwanamke, dada."

"Nilimwona. Nilidhani ni adhabu."

Corbin alicheka. Kidogo tu, kama mtu aliyekohoa. Sijamsikia akicheka tangu Februari. Nalisema hilo kwa sababu Verlon alikwambia Corbin alikuja na hasira. Mtu mwenye hasira nimeolewa naye miaka hamsini na mbili, namjua akitoka bafuni. Corbin hakuwa na hasira. Hakuwa na kitu.

(Nimeulizwa mimi nilijisikiaje wakati huo.) Sikujisikia chochote. Tangu Februari niko kama mguu uliokufa ganzi. Ukiubonyeza unajua ni mguu wako, basi. Usiandike kwamba nililia, sikulia.

Kisha Corbin alisogea kwenye jiwe akaweka kiganja pale katikati, pale patupu. Akasema, "Mpulizie Lowell mduara mmoja tu. Hata kama haukutimia. Mimi nitajua." Verlon akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa na maji, nasema haki. Akasema, "Usinifanyie hivyo, kijana." Akawa anarudi nyuma. Alikuwa anarudi nyuma kutoka kwa mtu aliyesimama palepale.

Sikiliza sasa, hapa ndipo penye jambo ulilomfungia mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, umbali wa kama hapa na ule mlango. Macho yangu ya mbali ni mazima, ya karibu ndiyo yamekwisha. Kisigino cha Verlon kilikanyaga ule mpira wa hewa. Ukabiringika. Akaanza kwenda chali, mikono juu. Corbin akaruka akamshika mkono wa kulia, hapa, juu ya kifundo. Alimshika barabara. Verlon alikuwa ameshasimama nusu, mzito alivyo, asingeanguka.

Ndipo Verlon akapaza sauti, "Usiniguse!" Akaupokonya mkono wake kwa nguvu. Akaanguka, na mkono ukapiga kwenye reli ya winchi ya kuinulia mawe. Nilisikia mfupa. Ulilia kama kijiti cha kuwashia moto.

Corbin hakumsukuma. Corbin alibaki amenyoosha mkono mtupu. Kisha alipiga simu kuita gari la wagonjwa, akamwekea Verlon koti lake chini ya kichwa. Ulipofika, Verlon alikuwa amelala kwenye koti hilo huku akikwambia Corbin amemtupa chini. Sisemi anadanganya. Nasema mtu aliyevunjika mfupa hutafuta aliyeuvunja, na pale tulikuwa wawili, na mimi ni kikongwe.

(Nimeulizwa kama nasema haya kwa sababu Corbin ni mtu wa familia.) Corbin angemsukuma ningekwambia amemsukuma, na ningekwambia nilimshikia koti. Mtazame huyo mtu uliyemfunga, unamjua tangu shule, hawezi kuua hata nyoka bandani, namuulia mimi.

(Nimeulizwa kama nina kinyongo na mlalamikaji.) Verlon alimchimbia mume wangu kaburi kwenye barafu, kwa sururu, siku mbili. Kila mwaka kanisani kwetu wanaume huoshana miguu, na Verlon hupiga magoti na beseni kama wengine. Miguu ya Lowell aliiosha Lowell akiwa na miaka ishirini, nami nilimwona akiikausha katikati ya vidole, taratibu, kama ya mtoto. Mkono uleule. Leo umeona bora uvunjike kuliko kushikwa na Corbin. Hilo silielewi, nimekaa nalo tangu saa nne na bado silielewi. Kinyongo sina. Nimemletea mkewe maharage, yako kwenye gari, utampa wewe.

Ninachotaka ni kimoja. Umeniambia hakimu hayupo mpaka Jumanne kwa sababu ya sikukuu. Corbin akikaa humu mpaka Jumanne, Jumapili kaburi la Lowell litapambwa na bibi kizee peke yake, na watu watasema mumewe hakuja. Hawatauliza alikuwa wapi. Watasema hakuja, na wataendelea kusema nikishakufa. Lowell jiwe hana. Pete hana. Asikose na hilo.

Niliyoyaona ni hayo, sijapunguza wala sijaongeza chumvi, na mbele ya hakimu nitayarudia bila kusomewa.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi yote haya kwa sauti kabla hajaweka dole. Nilikuwa nimeandika "rafiki wa marehemu". Shahidi alinizuia, akakataa kuweka dole, akasema anasubiri. Nimefuta na kuandika "mume".

Saa kumi kasoro robo nimempigia mlalamikaji hospitalini. Nimemuuliza alitamka nini alipokuwa akianguka. Akasema, "Nilimwambia asiniguse." Nimemuuliza kama alisukumwa kabla ya hapo. Akasema anakumbuka kushikwa, kusukumwa hakumbuki. Ameondoa malalamiko yake. Amesema kuhusu pete msimamo wake haujabadilika. Suala la sheria ya mji si la kituo hiki, nimemweleza Corbin Fugate alipeleke kwenye ofisi ya meya. Corbin Fugate ameachiwa saa kumi na moja jioni.

Shahidi amekataa kupanda gari mpaka niongeze yafuatayo hapa chini, nami nimeyaongeza kama alivyosema:

Delmar, Jumapili unakuja, saa nne, si saa tano. Vaa suruali ya kazi. Usipite barabara ya juu, fuata kijito mpaka nyuma ya banda langu, utakuta nimechagua mawe mawili bapa majini. Wazee wangu wote wamewekewa mawe ya mtoni yasiyo na neno hata moja, na sijawahi kukosea nani alikuwa wa nani, kwa sababu ya mke na mume hupandwa yakigusana. Beba moja, Corbin atabeba la pili. Mkifika juu kwa Lowell yasogezeni mpaka jani la nyasi lisipite katikati. Ndipo mtakula.

D. Napier, Askari