Mti wa Bariyeri

Nyamianda, Uvira, 3 Juni 2024

Yaya Itangishaka, kaka yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akienda kuchota maji. Mimi mzima. Weye huko Bujumbura unakula vizuri, unalala? Barua anakuletea Agathe, yule anayevusha vitenge mpakani. Kwa simu sithubutu, siku hizi zinafunguliwa na kusomwa njiani.

Yaya, Luc Kagabo ameniposa. Ni yule fundi umeme wa Rugenge aliyekuwa anakubebea spika ulipoimba kwenye viwanja vya watu. Mahari italetwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Baba angekuwa hai, angesema mwenyewe. Sasa msemaji wa familia ni weye.

Kuna jambo linaninyima raha. Baba mkubwa wa Luc, aliyemlea, ni Thaddée. Ndiyo, Thaddée huyo wa bariyeri. Mti wake bado umelala kuziba njia pale inapoanza kupanda Rurambo, na akina mama wa maziwa na makaa bado wanalipa ili uinuliwe. Wimbo wako wa mti ule bado unamuuma.

Nakuomba uje. Nakuomba pia usiimbe.

Mdogo wako,
Jolie

*

Bujumbura, 7 Juni 2024

Mdogo wangu Jolie,

Salamu zako zimenifikia, nami nipo, kimebaki kikohozi kidogo tu. Mwambie Mama apake goti samli, asione haya kwa ajili ya harufu.

Nimefurahi, nasema kweli. Redio ilipokataa kupiga nyimbo zangu, Luc ndiye aliyezitia kwenye kadi za simu na kuzigawa sokoni bure. Lakini Thaddée? Kabla ya uchaguzi watu wake walikuja kwangu na gari, spika mpya na fulana zenye uso wa mgombea wao. Nikawajibu kwamba nyuzi za inanga ya Baba hazina chama. Hilo walinisamehe. Wimbo wa mti hawakunisamehe, kwa sababu akina mama waliushika wote wakawa wanauimba pale pale bariyeri, wakingoja kupita. Ndipo nikavuka mpaka.

Naogopa, Jolie, na naona haya kuogopa. Watu wananisifu eti mshairi asiyenunuliwa. Asiyenunuliwa naye anapigwa.

Nitakuja. Sitaimba. Inanga itabaki huku.

Yaya wako,
Itangishaka

*

Nyamianda, 15 Juni 2024

Yaya mpenzi,

Natumaini kikohozi kimekuacha. Sisi tunaendelea, Mama ameanza kukopa viti kwa majirani.

Luc amezungumza na baba yake mkubwa. Amejibiwa hivi: "Akuye tu. Siku ya mahari muntu hashikwake. Lakini minye nitamusikiliza neno kwa neno." Luc anasema kuambiwa uje na hutashikwa ni maneno ya amani. Mama anasema siyo.

Ukimaliza kusema, usikae. Pita njia ya mashambani, upande hadi Rurambo kwa Shangazi Sidonie, mpaka tujue hali.

Mdogo wako,
Jolie

*

Nyamianda, 2 Julai 2024

Yaya,

Nimesikia ulifika Rurambo salama. Msalimie Shangazi. Mimi leo sina salamu nyingi. Barua hii inapandishwa na Olive, yule wa maziwa.

Uliahidi kutoimba, na hukuimba. Ulisema vizuri hadi wazee wa upande wao wakapiga makofi. Ng'ombe wakapokelewa. Likabaki lile ombi la mwisho, pale msemaji wetu anapoomba kitu kimoja juu ya mahari na upande wa mume hauwezi kukataa mbele ya wageni bila kujiaibisha. Watu huomba blanketi la mama. Nilikuwa nyuma ya pazia, nangoja useme blanketi. Ukasema: "Mama yetu anaomba ule muti wa bariyeri. Atafanya kuni."

Wageni wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Thaddée hakucheka. Aliweka chupa chini, akasema, "Tumesikia," akatoka, na watu wake wote wakamfuata.

Tangu hapo Luc hajaja na simu hapokei. Sokoni wananishika mkono, wananiambia nina kaka shujaa. Ile ilikuwa siku yangu, Yaya. Sijawahi kukukasirikia namna hii, na bado kila pikipiki ikisimama nje nadhani wameleta habari zako. Usishuke.

Jolie

*

Rurambo, 6 Julai 2024

Jolie, mdogo wangu,

Shangazi anawasalimu. Huku baridi ni kali, ng'ombe wanatoa mvuke asubuhi. Mwili wangu mzima, moyo hapana.

Una haki. Nilikuja na neno blanketi mdomoni. Kisha nikawaona akina mama wa maziwa wamekaa nyuma kabisa. Asubuhi hiyo walilipa bariyeri ili waje kukushangilia. Neno likanitoka. Nimezoea kusema halafu nikalipa peke yangu, na safari hii nimekulipisha weye.

Msemaji anaruhusiwa kuondoa ombi lake, mradi aende mwenyewe, kwa miguu, kwa huyo aliyeombwa. Jumanne nitashuka hadi bariyeri, nimwambie Thaddée mbele ya watu wake kwamba naomba blanketi. Atanitukana, nitavumilia, na Luc atarudi kwako. Najua wimbo utafia hapo. Nani atauimba tena akishaniona nimeinama mbele ya mti ule? Wacha ufe. Nyimbo nitatunga nyingine, mdogo sina mwingine.

Yaya wako,
Itangishaka

*

Nyamianda, Jumatatu 8 Julai 2024

Yaya,

Leo sianzi na habari za afya. Usishuke kesho.

Luc amekuja asubuhi hii, na mti begani, yeye na binamu zake, jasho linawatiririka. Siku zote hizo walikuwa wamefungiana kwenye kikao cha ukoo. Wazee wao wamesema hawatakubali kuitwa watu walioshindwa ombi la mwisho. Thaddée ameutoa mti, lakini hajatoa kinyongo. Luc anasema ulipong'olewa tu palifungwa kamba mahali pake, na vijana wa pale wamepewa jina lako, ukipita wakukamate.

Huna tena cha kuondoa. Harusi ipo. Baki hapo hapo kwa Shangazi. Olive anapanda na barua hii sasa hivi, nimemwomba asipumzike njiani.

Mdogo wako,
Jolie

*

Nyamianda, 12 Julai 2024

Yaya wangu,

Uko mzima? Naandika barua hii mara mbili, moja ya Agathe, nyingine ya Olive, kwa kuwa sijui uko upande gani wa mpaka.

Olive amenirudishia ile ya Jumatatu, haijafunguliwa. Shangazi kamwambia uliondoka mapema kwa njia ya mashambani ili ulale njiani, ufike bariyeri Jumanne kabla jua halijawa kali. Luc amekwenda bariyeri kuuliza. Wamemjibu: "Hapa hakuna muntu alipita." Kamuuliza baba yake mkubwa, naye akampa jibu hilo hilo bila kumtazama.

Akina mama wamekataa kulipa mpaka waambiwe ulipo. Wamekaa mbele ya kamba na ndoo zao, maziwa yanaganda, na wanauimba wimbo wako. Haukufa, Yaya. Nimeusikia kwa masikio yangu, nikashindwa kuuitikia.

Mama hataki mti upasuliwe kuni. Umelazwa uani, anaukalia akimenya mihogo, ameelekeza uso njia ya milimani. Luc ameleta na blanketi pia, lile ulilotaka kwenda kuliomba. Tumelitandika kwenye kitanda chako.

Mdogo wako,
Jolie