Makabati ya Kijani Mpakani

Jumatatu, 4 Machi

Tumepata! Makabati ya chuma kumi na mawili. Ya bweni la wasichana, ng'ambo ya mpaka. Nchi ya watu kabisa!

Mwalimu mkuu wa hiyo shule kaja mwenyewe hapa kibandani. Mama mpole, ila jicho lake halichezi. Kauliza nani fundi. Shemeji kajipiga kifua — huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye anachomelea. Nikasema na mimi nipo. Nakata, napiga msasa, napaka rangi. Yule mama kacheka. Kasema wasichana wake wanaweka nguo kwenye ndoo.

Bweni linafunguliwa Jumatatu tarehe kumi na nane. Makabati yakifika mazuri na kwa wakati, mabweni mengine mawili anatupa sisi. Yakichelewa, anachukua ya kiwandani na hatujuani tena. Kasema hivyo hivyo, huku anatabasamu.

Mashine ya kuchomelea ni ya marehemu. Miaka yote kachomelea mageti ya mtaa huu tu. Angeniona leo angesema nimerukwa na akili.

Jumanne, 5 Machi

Nimeacha kubeba zege. Nimemwambia nyapara asubuhi, mbele ya watu. Kauliza, "Kwani umeolewa?" Nimesema nimepata kazi yangu mwenyewe. Nimemweleza. Kacheka mpaka kakohoa. Eti hayo makabati yataishia kufugia kuku, nitarudi na kumpigia magoti.

Nikamwekea karai lake miguuni. Nikaondoka.

Njiani nilikuwa naruka kama mtoto. Nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu. Kasema mama, si ungeomba ruhusa tu? Ruhusa! Ruhusa ya nini? Hataki kuongea na mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Kukata bati tu. Vidole vyote vimechanika. Umeme ulikatika, ukarudi. Shemeji anaimba. Afadhali umeme ukatike tena.

Jumanne, 12 Machi

Tumegombana. Shemeji kachomelea bawaba moja upande, mlango unalia kama mbuzi. Nikasema ing'oe. Kasema, "Shemeji, nani ataona huko?" Nikamwambia huko ndiko wanaona. Hapa tunajuana, mtu akiona kosa anakuja kunipigia kelele mlangoni. Kule watanyamaza tu na hawatarudi.

Kaing'oa. Kanuna mpaka saa ya chai. Mlango sasa unafunga kimya. Kaufunga na kuufungua mwenyewe kama mara kumi, halafu kajisifu.

Alhamisi, 14 Machi

Yamekwisha! Kijani kibichi, yanang'aa. Watoto wa mtaa wamekuja kujitazama kwenye milango. Binti naye kaja. Kapitisha mkono juu ya rangi, kasema, "Mama, haya ni kama ya dukani." Basi, imeisha hiyo. Tunaongea.

Kidevu kaja kuona mzigo. Ndiye dereva wa lori, ana ndevu za kutosha watu watatu. Kasema barabara mbovu, milango itafunguka na kupigana njia nzima. Kweli, hayana vitasa. Kila msichana ataleta kufuli yake. Shemeji akataka kufunga kamba. Nikakataa, kamba italamba rangi yangu yote.

Nikasema tupige nukta. Nukta moja ya moto kila mlango, pembeni, ushikane na kabati. Si ndivyo tunavyopeleka mageti? Tukifika shuleni tunasaga kwa grenda, naweka tone la rangi, kwisha. Shemeji kasema, "Shemeji, wewe ungesoma ungekuwa waziri!"

Tumepiga zote jioni hii. Hakuna mlango unaotikisika. Hata shetani hafungui!

Ijumaa, 15 Machi

Tumepakia. Nimekaa katikati, Shemeji dirishani, Kidevu anaendesha. Sijawahi kutoka nchi hii. Sijawahi hata kufika huku tulipofika sasa. Milango kimya! Naandika lori likiruka, mwandiko kama kuku kachakura.

Jumamosi, 16 Machi

Mpakani. Karatasi zote sawa. Nikaanza kucheka peke yangu.

Halafu mkaguzi wa forodha kapanda kwenye lori. Kijana, shati limenyooka. Kavuta mlango. Kavuta mwingine. Kashuka.

"Mama, ndani kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu.

"Kama hakuna kitu, mbona mmechomelea?"

  Mungu wangu! Geti halina ndani. Geti hata ukilichomelea vipi unaona upande wa pili. Kabati lina ndani! Hatukulifikiria hilo, wote watatu, na vichwa vyetu hivi.

Shemeji kagonga kabati, "Sikia afande, tupu hilo!" Mkaguzi kasema yeye hakagui kwa masikio. Fungueni.

Nikauliza tufungue mangapi.

"Mmechomelea mangapi?"

"Yote."

"Basi yote."

Shemeji kachomoa grenda. Watu wakapiga kelele kila upande. Jirani yetu kwenye foleni ni malori ya mafuta! Cheche moja tu na wote majivu. Mkaguzi kamnyang'anya kwa mikono yake. Hapa ni kukata kwa mkono. Na jioni ofisi inafungwa, na kesho Jumapili mzigo hauvuki. Jumatatu bweni linafunguliwa.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana

Kidevu alikuwa na wembe wa msumeno, hauna mpini. Nikauzungushia kipande cha kanga. Nimekata. Jua juu ya bati, usiseme. Kila nukta inakula mkono, na wembe ukiteleza unachora rangi yangu. Nimeichora mwenyewe! Shemeji alizipiga nene, mjinga yule. Nilimwambia mimi apige nene.

Madereva wa mafuta wamekaa kivulini, wanatazama kama sinema. Mmoja kasema, "Mama, umemfungia mume humo?"

Nikasema mume wangu alishakufa, na angekuwa humo angekaa kimya kwa aibu.

Wakacheka mpaka wakainuka. Yule mwenye mdomo kaleta msumeno wake mzima, wenye mpini. Sasa tunakata wawili, mimi na Shemeji. Milango inafunguka! Kila ukifunguka mkaguzi anachungulia. Tupu. Anaandika. Tupu. Madereva wanaitikia naye, "Tupu!" Na yeye kaanza kubana kicheko, nimemwona.

Jumamosi, jioni

Mwalimu mkuu tulimpigia simu, kavuka kwa miguu kuja kutuona. Nikamwambia ukweli, wazo lilikuwa langu. Hakucheka. Kagusa mikwaruzo. Nikasema rangi ninayo kwenye kopo, nitapaka kule kule. Kasema sawa. Nikauliza na yale mabweni mawili? Kasema kwanza aone haya yatafikaje. Barabara ya kwake ni mbovu kuliko hii, na sasa milango iko wazi.

 Kidevu kasema tutapanda nyuma tuishike kwa migongo. Sijui anatania.

Yamebaki makabati matatu. Msumeno umenichana kiganja, Shemeji kaninyang'anya. Ndiyo maana naandika, nisimsimamie. Yule dereva wa mafuta kashika wembe. Mwalimu mkuu kavua viatu, kaegemea kabati lisitikisike wakikata. 

Makarani wanatoka. Taa za ofisi zimezimwa, imebaki moja. Mkaguzi kasimama mlangoni, funguo mkononi. Kanitazama.

"Wewe mama, utaandika au utakata?"

Hajafunga. Kashika funguo, anatusubiri. Naweka kalamu, naenda kuka—