Msumari wa Picha ya Mama

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Birmingham tu wazima. Babu yako magoti yanamsumbua, lakini kanisani bado anaenda kwa miguu.

Unaniuliza kama ni aibu kuiandikia serikali ya huko Amerika kwamba wazazi wako hawajawahi kumiliki nyumba, ndipo ikusaidie malipo ya kwanza ya nyumba yako. Aibu gani?

Nilipokuja huku Uingereza kufanya unesi nilipanga chumba mtaa wa Lozells, nikapigilia msumari ukutani nitundike picha ya mama yangu. Mwenye nyumba akaung'oa nikitazama. Tangu hapo, kila tulikopanga, mama amekaa juu ya kabati, ameegemea ukuta.

Andika ukweli, kwa herufi kubwa. Wewe ndiwe wa kwanza kwetu kumiliki nyumba, nami natembea kifua mbele.

Picha naituma na barua hii. Msumari utanunua mwenyewe.

Nyanya yako